Kipanga Hajui Msiba

Droni ilitokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikiruka chini chini juu ya masuke ya mtama, na Kipanga, mtambo wa ulinzi wa kambi, akaanza kuhesabu.

"Kumi na moja," ilisema sauti ndani ya kontena. Ilikuwa sauti ya kike, tulivu, kama ya mtu anayetangaza vituo ndani ya treni.

Sajini Chilewa Ndahani aliweka kikombe cha chai chini bila kukitazama. Mbele yake, kwenye skrini, Bonde la Nkurungu lilikuwa limekatwa vipande vipande, kila shamba na namba yake, kila namba na jina la mwenyewe. Ramani ile aliichora yeye. Mwezi mzima alitembea kijiji kwa kijiji na kishikwambi mkononi, akiandikisha droni za wakulima, zile ndogo za kufukuzia kweleakwelea, kila moja akiifunga kwenye shamba lake. Droni ikiwa juu ya shamba lake, Kipanga aliiacha iruke. Ikitoka nje ya shamba lake, aliihesabia.

"Kumi."

Maandishi yalitambaa chini ya skrini. Droni namba 17. Mwenyewe: Mbeleje Masaka. Shamba lake: 38. Ilipo sasa: shamba 41. Rubani amesimama shamba 41.

"Tisa."

Shamba 41 lilikuwa la baba yake.

"Hiyo hapo, Sajini," alisema Koplo Lusajo kutoka kiti cha pili. Hakuwa na mzaha kinywani asubuhi ile, yeye ambaye kila siku alimtania Chilewa kwamba watu wa kwao huwalisha ndege kwanza kisha wao hula mabaki. "Wale wa ng'ambo ya mto wamechukua namba ya mkulima tena."

Ni watu watatu tu katika kambi nzima ambao sauti zao Kipanga alizisikiliza, na Chilewa alikuwa mmoja wao. Neno lilikuwa moja: zuia. Ukilitamka kabla ya sifuri, roketi ya kumpiga rubani hubaki kwenye mrija wake juu ya kilima. Usipolitamka, hairudi.

Wiki tatu nyuma alilitamka. Droni ilikuwa imetoka nje ya shamba lake, imechorwa mistari ya njano kama za wakulima wote, naye akaona ni mama fulani kapitiwa na usingizi. Akasema zuia. Ile droni ikaenda moja kwa moja hadi kwenye gari la maji, ambapo vijana walikuwa wamepanga foleni na madumu yao. Sita. Aliwaokota kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku ile lile neno lilikuwa zito kinywani kama jiwe.

"Saba."

Alifikiri haraka. Baba yake, Mzee Ndahani, alikuwa na droni yake, namba 20, aliyoifunga kitambaa chekundu mkiani. Mzee yule hakumwachia mtu yeyote mtama wake, hata jua likiwaka vipi. Sasa ni nani anayesimama ndani ya shamba lake alfajiri, na droni ya jirani? Na mzee mwenyewe yuko wapi? Huenda yuko njiani, na chupa yake ya uji kwapani, anakwenda kukutana na huyo mgeni.

"Nne. Tatu."

"Sajini?"

"Nyamaza."

"Moja."

Chilewa alifunga mdomo. Kwa Kipanga, kimya kilikuwa amri.

Kilima kilitikisika. Chai ikafanya mawimbi madogo ndani ya kikombe. Ilipita muda wa mtu kuvaa viatu na kufunga kamba, kisha ule mlio ukarudi kutoka bondeni, mzito, kama gunia lililoangushwa kwenye sakafu ya ghala.

"Rubani amezimwa," ilisema sauti. "Droni imeanguka. Asante, Sajini Ndahani."

*

Kila roketi iliyorushwa ilipaswa kufuatwa na jicho. Kazi hiyo ilikuwa ya punda. Ndivyo askari walivyoyaita yale magari ya magurudumu sita yasiyo na dereva, yenye shingo ndefu na kamera kichwani. Punda mmoja aliteremka kutoka kambini, akaingia njia ya vumbi, na Chilewa na Lusajo wakakaa wakitazama anachokitazama.

"Angalia anavyokata kona," alisema Lusajo, pumzi zikianza kumrudia. "Punda huyu anaijua njia ya kwenu kukushinda wewe."

"Wewe kwenu hata punda hakufiki. Ni matope matupu na ndizi."

"Ndizi hazina ndege, bwana. Tunalala mpaka jua linatuchoma."

Punda alipita kwenye mlango wa boma la kina Ndahani. Njia haikuwa na budi kupita pale. Chilewa alisogea mbele ili aone kama baba yake yuko uani.

Uani palikuwa na turubai. Chini ya turubai palikuwa na mikeka, na mabenchi ya shule, na masufuria makubwa yasiyo ya nyumba moja. Katikati ya ua, gogo zima lilikuwa linawaka ingawa jua lilikuwa limekwisha panda. Watu walikuwa wamesimama, wamegeukia upande wa moshi. Wengine walikuwa wanakimbia kuelekea huko, na wengine, walipomwona punda, wakakimbia kurudi.

"Hapa pana msiba," alisema Lusajo. "Ni kwa nani hapa?"

Mtu mmoja hakusimama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, miguu ameinyoosha, kanga imemteleza kutoka kichwani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, cheupe kama kibuyu. Kwao ni mjane tu anayenyolewa hivyo.

"Kwetu," alisema Chilewa. "Yule ni mama yangu."

Lusajo aligeuka, akamtazama, akageukia tena skrini.

Punda hakusimama. Hakuna aliyemwagiza asimame. Aliendelea hadi shamba 41, akazunguka shimo lililokuwa linafuka moshi, akainua shingo. Dungu la Mzee Ndahani, jukwaa lake la kufukuzia ndege, lilikuwa limelala ubavu, miti yake imetawanyika ndani ya mtama. Kulikuwa na ndala moja ya bluu. Kulikuwa na kanga. Kulikuwa na rimoti, imefungwa mfuko wa nailoni ili umande usiiharibu. Mkono ulioishika ulikuwa bado umeishika.

Hapo Chilewa akaelewa kila kitu kwa mara moja, na akatamani asielewe.

Kule kwao, nyumba ikifiwa, wenye msiba hawakanyagi shamba siku saba. Jirani ndiye anayewaamia, yaani kuwalindia mtama. Hapangiwi wala haombwi. Anaamka, anachukua chombo chake, iwe kombeo kama zamani au droni kama siku hizi, anapanda dungu la mwenye msiba na kufukuza ndege mpaka matanga yaishe. Watoto wote wa Nkurungu walikulia kwenye wimbo ambao wanawake waliuimba huko juu:

*Nendeni ndege nendeni, mtama una mwenyewe,*
*Kama yuko msibani, basi mimi ni mwenyewe.*

Na alikumbuka siku ya kuandikisha. Mama Mbeleje, jirani yao wa shamba 38, alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta, akamjibu maswali yote: jina, namba, shamba. Kisha akauliza, "Na pakiwa na msiba, mwanangu, hiyo mashine yenu itajua?"

Chilewa alicheka. "Mama, hilo nani asiyelijua?"

Kweli, hakuna asiyelijua. Ndiyo maana hakuliandika. Kilichojulikana na kila mtu, tangu mtoto anayetambaa mpaka kikongwe, hakikumwingia akilini kwamba ni kitu cha kuandikwa. Kwenye kishikwambi palikuwa na nafasi moja tu, *Mwenyewe*, naye akaijaza kwa jina moja, akaenda nyumba ya pili.

*

Meja Koku Rwegoshora alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti. Alipoingia kwenye kontena Lusajo alisimama. Chilewa hakusimama, na Meja hakumlazimisha.

"Afande," alisema Chilewa. "Baba yangu amekufa lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa."

"Ujumbe ulikuja Jumanne jioni. Niliuzuia mimi." Meja alivua kofia. "Kapteni Shemhilu yuko hospitali. Mimi mwenyewe siwezi kukaa hapa mchana na usiku. Kiti hiki kina sauti tatu, na moja haipo. Mwenzako anafika Jumapili. Nilisema nikupe ujumbe Jumapili, pamoja na ruhusa ya kwenda kuzika, kwa maana watakusubiri."

"Kwetu hawasubiri. Joto."

"Hilo sikulijua."

"Hukulazimika kulijua, Afande. Ungeniambia tu. Ningejua shamba lina msiba. Ningejua yule ni nani."

Meja alivuta kiti cha Lusajo, akakaa. Kwenye skrini swali lilikuwa linawakawaka tangu punda alipofika shambani. *Uamuzi wa saa 12:31 ulikuwa: SAHIHI / KOSA.*

Mtu wa nje angeuona ni ukaguzi wa kawaida. Kipanga hakuzaliwa na akili. Alijifunza kutoka kwa watu wa viti, tukio kwa tukio, na alichojifunza kituo kimoja kilikwenda vituo vyote kumi na vitatu mpakani. Ukibonyeza *sahihi*, somo linakaa: droni iliyo nje ya shamba lake, rubani wake ni adui. Mara ya pili atahesabu kutoka saba. Mara ya tatu, pengine hatahesabu. Ukibonyeza *kosa*, Kipanga hakubali kuendelea na kazi huku ana kosa ndani yake. Hulala, katika bonde zima, kwa saa thelathini, ajipekue upya tukio kwa tukio. Waliomtengeneza walijivunia jambo hilo.

"Ng'ambo wanajua akilala," alisema Meja. "Wanaona mawimbi yake yamekatika. Mara ya mwisho kituo cha kaskazini kilipolala, hawakuchukua hata saa kumi kabla ya kushambulia."

"Najua."

"Nina watu tisini na wawili kwenye kilima hiki, Sajini."

"Na bondeni kuna mashamba mia mbili na sita. Niliyahesabu mimi. Wiki ijayo mtu mwingine atafiwa, Afande. Punje za mtama zina maziwa, ndege wamejaa, na watu hawaachi kufa kwa sababu sisi tuna vita."

Lusajo alikuwa ameegemea mlango. "Sajini, nisikilize kidogo. Bonyeza sahihi. Kisha leo hii twende tukawaambie watu bondeni, wakiwa na msiba wasiruke. Tukawaambie kwa midomo yetu. Hiyo haitoshi?"

"Waache mtama wa mfiwa uliwe?"

"Mtama unaota tena. Mimi sioti tena."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Chilewa alimtazama rafiki yake, meno yake makubwa ambayo hayakuwa yanacheka, na akapiga hesabu ambayo hakuna mtu anayepaswa kuipiga. Kisha akaitazama ile picha ya punda, ule mkono.

"Nikisema sahihi," alisema polepole, "nimesema Mama Mbeleje alikuwa adui. Itaandikwa hivyo, na mashine kumi na tatu zitaamini. Yule alikuwa anafukuza ndege kwenye shamba la baba yangu kwa sababu mimi sikuwepo."

Meja alisimama, akavaa kofia yake. "Kiti ni chako. Sitakuamuru." Alipofika mlangoni aliongeza, bila kugeuka, "Na sitakulaumu. Ila hilo nalo halitakusaidia."

Chilewa alibonyeza *kosa* saa nne kamili asubuhi. Skrini ikawa nyeusi, kipande kwa kipande, kuanzia mtoni.

*

Kipanga alipolala, jeshi lilirudi miaka hamsini nyuma. Mwali wake wa leza, uliochoma droni angani, ulizimika. Mitambo ya maroketi ilibaki imeinua midomo yake juu ya kilima, mirija kumi na miwili kila mmoja, haina wa kuielekeza. Askari walichimbua bunduki za risasi ndogo ndogo kama njugu kutoka stoo, wakafunga magogo wakajenga vilindo virefu kuzunguka kambi, wakapanda juu kutazama anga kwa macho.

"Haya, na mimi leo ni mwamiaji," alisema Lusajo, akining'iniza miguu kutoka kilindoni. "Huku juu mnapewa nini nyie, uji?"

"Uji, na ukiimba vibaya unapigwa na kombeo."

"Basi nifundishe wimbo wenu nisije nikapigwa."

Chilewa alimwimbia mistari miwili. Lusajo aliirudia kwa lafudhi yake ya nyanda za juu, akaiharibu, akacheka mwenyewe. Lakini mikono yake haikuacha kuibana bunduki, na kabla Chilewa hajaondoka alimwita.

"Sajini. Sina kinyongo. Ila ningekuwa mimi kwenye kile kiti, ningebonyeza kile kingine."

"Najua, ndugu yangu."

"Nilitaka ujue kwamba na mimi najua."

Siku ile ikapita salama. Asubuhi ya pili, saa mbili, ndege waliruka kutoka shamba 41.

Hakukuwa na mtu wa kuwafukuza pale. Nani angepanda tena dungu lile? Siku nzima kweleakwelea walikuwa wametua kwenye mtama wa Mzee Ndahani, maelfu kwa maelfu, hadi masuke yakainama mpaka chini. Sasa kitu kiliwashtua wote kwa pamoja. Walinyanyuka kama moshi mweusi, wakajikunja, wakaja juu ya kilima, na jua likafifia. Ndani ya ule mvumo wa mabawa kulikuwa na mvumo mwingine, mwembamba zaidi. Masikio yalisikia. Macho hayakuweza kuchambua.

Zilikuwa droni mbili. Lusajo aliidungua ya kwanza, wote waliona ikizunguka na kuanguka nyuma ya jiko. Alikuwa anageuka kuitafuta ya pili.

Kilindo chake kilianguka ubavu, miti ikitawanyika. Chilewa alikuwa ameona kitu kama hicho jana yake tu, kwenye skrini. Alikimbia akipiga kelele ambazo mwenyewe hakuzisikia, akafika, akapiga magoti. Manyoya ya ndege yalikuwa yanaendelea kushuka, mepesi, yakitua juu ya kila kitu.

*

Kipanga aliamka saa kumi jioni, kama alivyoahidi.

"Nimejipekua," ilisema sauti ile ile. "Kosa limeonekana. Nahitaji kanuni mpya kuhusu droni iliyo nje ya shamba lake. Aandike mwenye kiti."

Meja Rwegoshora alikuwa amesimama nyuma ya Chilewa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, koti la Lusajo bado liko kwenye mgongo wake.

"Bado una nafasi," alisema Meja. "Unaweza kuandika kwamba ile ya jana ilikuwa sahihi. Itakubali. Sasa unajua bei yake."

"Mama Mbeleje naye aliilipa, Afande."

"Andika, basi."

Vidole vya Chilewa vilikuwa na vumbi jekundu la kaburi la Lusajo. Kwanza, bila kufikiri, aliandika ile mistari miwili ya wimbo.

"Sielewi," ilisema sauti. "Mwenyewe ni nani?"

Akafuta. Akaandika kwa maneno makavu ambayo mashine ingeyameza: *Droni ya mkulima iliyo nje ya shamba lake: usihesabu. Usirushe. Msubiri mtu.*

"Nimepokea. Hii itaongeza hatari kwa kituo. Thibitisha."

"Nathibitisha."

Vituo kumi na vitatu vikapokea. Meja akatoka, na Chilewa akamsikia nje akiita majina ya walinzi, mmoja mmoja, akiruka jina moja.

Haikupita nusu saa, alama ikatokea.

*Droni namba 20. Mwenyewe: Ndahani Chilewa. Shamba lake: 41. Ilipo sasa: shamba 38.*

"Nasubiri," alisema Kipanga.

Namba 20. Droni ya baba yake, juu ya shamba la Mbeleje. Wa ng'ambo walikuwa wamewahi kuiba namba. Wangeweza kuiba hata ya marehemu. Safari hii hakukuwa na kumi na moja wala kumi. Hakukuwa na sifuri ya kumwamulia. Palikuwa na ukimya, na kilima kilichojaa watu, na yeye.

Punda alikuwa bado amesimama shamba 41 alipoachwa. Chilewa alimwamsha, akamgeuza, akampeleka mashamba matatu mbele, akainua shingo yake juu ya masuke, akafungua kipaza sauti.

Kwanza upepo. Kisha ndege wachache. Kisha sauti ya mtu, iliyokauka kwa kulia siku nne, ikiimba chini chini.

*Kama yuko msibani, basi mimi ni mwenyewe.*

Mama yake alikuwa amesimama juu ya dungu la Mbeleje, kichwa kikiwa wazi, jua la jioni linakipiga. Siku zake saba hazikuwa zimetimia. Hakupaswa kukanyaga shamba lolote. Rimoti aliishika kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu asiyeizoea, na juu yake kile kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea.

"Zuia," alisema Chilewa. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Sikuwa nimehesabu," alisema Kipanga. "Lakini nimesikia."

Mama alimwona punda. Alikitazama kile kichwa cha kamera kwa muda mrefu, na Chilewa, ambaye alijua haonekani, aliinamisha macho. Alipoyainua, mama yake alikuwa ameikusanya kanga yake, amegeuka, amekipa kisogo, na anaendelea kuimba.